Kisogoni Yote Inawashwa

Hapo zamani za juzi palikuwa na nchi moja ambayo sitaitaja jina, kwanza kwa sababu haipo, na pili kwa sababu jina lake lilikuwa halitajwi ila mtu amesimama wima, nami miguu inaniuma, nimekaa. Jueni tu kwamba nchi hiyo ilikuwa haina ugonjwa. Hilo si langu, limeandikwa. Serikali yake ilitoa Waraka wa Lugha Tulivu, ukakataza watumishi kuandika maneno ya kutia hofu katika taarifa za kazi. Neno "ugonjwa" likafutwa. "Mlipuko" likafutwa, "upungufu" likafutwa, na "njaa" ikageuzwa kuwa "hamu ya chakula". Mwaka uliofuata takwimu za afya zilipaa hadi wajumbe wa nchi tatu wakaja kujifunza, wakapewa nakala ya waraka na mfuko wa korosho.

Kisogoni kilikuwa kijiji cha nchi hiyo, huko nyuma kabisa, mahali ambapo nchi haiwezi kujiona hata ikijitazama kwenye kioo. Zahanati yake ilikuwa na mtumishi mmoja, Sikudhani Mbaruku. Cheti chake kilisema ni mtaalamu wa maabara, lakini mganga alihamishwa, muuguzi akastaafu, mlinzi akaoa mbali, basi Sikudhani akawa wote hao kwa pamoja. Umeme haukuwapo. Hadubini yake ilikuwa ya kioo, ile inayogeuzwa kufuata jua, na mawingu yakitanda alikaa kungoja kama mtu aliyeanika mpunga.

Sasa sikilizeni jinsi Serikali hiyo ilivyopenda usafi. Iliagiza kila mwanafunzi anyolewe kila Jumatatu, na shule ya Kisogoni ikaletewa mashine moja ya kunyolea, pamoja na barua iliyosema kwamba mashine ya Serikali haifunguliwi, haioshwi wala haifutwi kwa kitu chochote bila kibali cha Bohari Kuu. Mwalimu Mkuu, Kisailo, alikuwa mtu wa kufuata barua neno kwa neno. Alianza na darasa la kwanza asubuhi, akamaliza na la saba kabla ya adhuhuri, vichwa mia nne na kumi na viwili, bila kuipumzisha mashine. Kwa hiyo kila kichwa kilipata kile alichokuwa nacho mwenzake, na sijui kama kuna usawa unaozidi huo.

Baada ya miezi miwili viduara vikatokea, vyenye ukingo uliotuna na magamba meupe, na katikati nywele zimekatika kama mahindi yaliyopitiwa na ng'ombe. Watoto walijikuna darasani, walijikuna wakiimba wimbo wa taifa, na mikono na shingo za mama zao nazo zikaanza kutoa viduara hivyo hivyo. Kila mtu Kisogoni alijua kuwa ya kichwani yanaitwa mapunye, na ya mwilini yanaitwa choa.

Sikudhani hakutaka kubahatisha. Alikwangua magamba ukingoni mwa kiduara, kwa sababu katikati huwa pameshaliwa, akaweka kwenye kipande cha kioo, akadondoshea dawa ya kuyeyusha ngozi, akangoja kidogo, akageuza hadubini ikalidaka jua. Nyuzi zilikuwapo, nyembamba, zenye matawi, zimejipenyeza katikati ya magamba kama mizizi ya ukoka. Alipima watoto arobaini, thelathini na wanane wakawa nazo. Hizo ni fangasi, na mtu yeyote aliyewahi kuziona hawezi kuzikana.

Mtoto wa arobaini alikuwa Mashavu, binti yake mwenyewe, wa miaka minane. Kwake mapunye yalikuwa yamekasirika: kisogo kimevimba, kimelainika, kinatoa usaha. Sikudhani alijua maana yake. Marhamu ya kupaka haifiki kwenye shina la nywele, kwa hiyo mtoto lazima ameze vidonge wiki sita. Na uvimbe wa namna hiyo ukiachwa, ngozi hufanya kovu, na penye kovu nywele hazirudi tena maisha. Zahanati haikuwa na kidonge hata kimoja. Vidonge vilikuwa mji mkuu, na njia ya kuvipata ilikuwa moja tu, Fomu ya Hali.

*

Fomu ya Hali ilikuwa na kisanduku kimoja cha kuandikia, cha maneno kumi na mawili, si zaidi. Sikudhani alishika kalamu akaufungua Waraka. "Ugonjwa" hapana. "Fangasi" lilikuwa limeongezwa ukurasa wa tisa, kwa kuwa lina sauti ya kigeni. "Mapunye" na "choa" yalikuwa ukurasa wa kumi, yanadhalilisha kichwa cha raia. "Tunaomba" lilikatazwa tangu zamani, maana anayeomba anatangaza kwamba amekosa. Alichakura kichwa chake mchana kutwa, na mwishowe akapata njia. Akaandika hivi:

"Kisogoni yote inawashwa usiku na mchana bila kukatika. Wa kwanza watoto 412."

Alihesabu, kumi na mawili barabara. Akaona mtu mwenye moyo, akisoma hivyo, hata usingizi hataupata.

Na kweli karani wa Wizara ya Afya alipoisoma alipatwa na machozi. Alitafuta jambo la afya ndani yake hakuliona, kwa kuwa hapakuwa na neno baya hata moja, lakini hayo ya usiku na mchana bila kukatika yalimgusa, maana hata pale wizarani taa zilikuwa zikizimika mara nne kwa siku. Akaipeleka fomu jengo la pili, Wizara ya Nishati.

Huko alikuwako Mheshimiwa Waziri Kirumbe, ambaye kwa miaka kumi na tisa aliahidi kuwawashia umeme watu wa Kisogoni, na kwa miaka hiyo yote hakuwahi kupeleka hata nguzo. Waziri aliisoma fomu mara ya kwanza akashangaa. Akaisoma mara ya pili akajiuliza ni nani aliyewasha. Alipoisoma mara ya tatu akakumbuka kwamba ni yeye.

Sikudhani alisikia habari redioni, anachemsha vitambaa vya kumfunga Mashavu. Mtangazaji alisema kwa sauti ya sherehe kuwa Kisogoni yote inawashwa, na kwamba Serikali imeipokea taarifa hiyo kwa furaha na inatuma shehena. Mwanamke yule alilia hapo hapo jikoni, akamkumbatia mwanawe. Taarifa ilipofika kwenye maelezo ya transfoma, aliketi chini.

Lori lilikuja siku ya nne. Lilishusha makasha, na ndani ya makasha mlikuwa na balbu mia nne na kumi na mbili, kwa kila mtoto moja. Sikudhani aliyafungua yote hadi chini kabisa, akapapasa mabua ya kufungia, asipate kidonge. Akamtukana dereva, kisha akamwomba radhi, maana dereva mwenyewe alikuwa anajikuna.

*

Alijaribu kusahihisha. Aliandika fomu ya pili, "Si umeme, ni ngozi," na badala ya jibu akaletewa Afisa Tarafa, Bwana Ndimbo, mtu mnene mwenye adabu, aliyekuja na pikipiki kumweleza kwa upole kwamba amekosea. Kusahihisha kunaruhusiwa, alisema, ila kwa herufi tu. Kusema Kisogoni haikuwashwa ni kusema Waziri amesema uongo, na neno "uongo" lilikuwa ukurasa wa kwanza.

Wakati wote akiongea, mkono wake mmoja ulikuwa ndani ya mkanda wa suruali. Sikudhani akamwuliza anajikuna tangu lini.

"Mimi sijikuni, Bi Sikudhani. Ni hali ya hewa."

"Hebu nione hiyo hali ya hewa."

Bwana Ndimbo alitazama mlangoni, kisha akapandisha shati. Kiduara kilianzia kiunoni, kikazunguka mgongo mzima hadi karibu na mabega, lakini kilikuwa kimefifia, hakina wekundu, ukingo wake hauonekani vizuri. Aliambiwa aseme anapaka nini. Alipaka Marhamu ya Utulivu, iliyotolewa na Serikali kwa watumishi wote, na akaisifu kwelikweli: ukiipaka leo, kesho wekundu umekwisha na mwasho umetulia, ukiacha unarudi, basi unapaka tena. Sikudhani alimkwangua. Alipoinama kwenye hadubini, nyuzi zilikuwa zimejaa kuliko za mtoto yeyote. Akamweleza kuwa marhamu yake inautuliza mwili usipigane, na wakati mwili umetulia fangasi inatembea.

Bwana Ndimbo alishusha shati taratibu. Akasema hayo hakuyasikia, na kwamba ana habari kubwa zaidi: Mtukufu Rais anakuja mwenyewe kuwasha rasmi.

*

Sherehe ilipangwa saa sita mchana, jua la utosi, ili pasiwe na mtu wa kubishana kama balbu zinawaka au haziwaki. Watoto walipangwa mistari. Zilikuja kofia nyeupe zenye picha ya taa, lakini zilikuja thelathini tu, kwa hiyo ikatolewa amri kwamba watoto thelathini wavae, wapite mbele ya Mtukufu, wazunguke nyuma ya jukwaa, wavue, wavishwe thelathini wengine. Sikudhani aliposikia mpango huo alimfuata Mwalimu Kisailo akamsihi. Mwalimu alimwonyesha barua.

Sasa, Mtukufu alikuwa na desturi yake, na nchi nzima ilimpendea hiyo. Kila alikokwenda aliazima kofia ya raia, akaivaa mpaka mwisho wa sherehe, apigwe nayo picha. Siku hiyo alishuka jukwaani, akaitazama safu ya kumi na moja, akanyoosha mkono, akaichukua kofia ya Mashavu.

Kofia ilikuwa imegandana na usaha. Ilipobanduka mtoto aliguna, akauma midomo. Wapiga picha walikuwa wameagizwa wampige Mtukufu peke yake, kwa hiyo hakuna aliyeona kisogo cha Mashavu isipokuwa mama yake, na huyo hakuweza kuvumilia. Alitoka kwenye safu ya wafanyakazi. Bwana Ndimbo alimdaka mkono, yeye akauchomoa.

"Mtukufu," alisema, "kofia hiyo inawasha."

Mtukufu akatabasamu, akaipachika kichwani, akaivuta mpaka juu ya nyusi.

"Ndiyo maana nimekuja, mama. Nami niwashwe pamoja nanyi."

Makofi yalipigwa kwa dakika kumi na moja. Kulikuwa na afisa wa kuyapima, naye aliandika kumi na tano. Kisha Mtukufu alibonyeza kitufe kisichounganishwa na kitu, kila mtu akainua macho kutazama balbu chini ya jua, akafumba macho, na Kisogoni ikawa imewashwa.

*

Haikupita wiki ya tatu magari matatu meusi yakaingia zahanati. Sikudhani alidhani wamekuja kumkamata, akamkabidhi Mashavu kwa mke wa Mwalimu Kisailo, akavaa viatu vyake vizuri. Wakamwambia achukue na hadubini.

Ikulu aliwakuta madaktari kumi na mmoja wamesimama ukutani, na Mtukufu amekaa na taulo kichwani. Lilipoondolewa, Sikudhani aliona viduara viwili vikubwa kama visahani, vimekaa palepale ulipobana ukingo wa kofia. Madaktari walikuwa hawajavitambua. Kutambua kulitaka kugusa kichwa cha Mtukufu, jambo ambalo ni kosa, na kulitaka neno, ambalo halikuwapo. Katika faili walikuwa wameandika "Duara la Hekima, hatua ya pili", wakapaka Marhamu ya Utulivu asubuhi na jioni. Redioni ilielezwa kwamba Mtukufu anapojikuna anafikiria maendeleo, na mawaziri wote wakaanza kujikuna kwenye vikao.

Wembe ulikuwa hauruhusiwi karibu na kichwa kile, basi Sikudhani alikwangua kwa ukingo wa kipande cha kioo. Akaomba pazia lifunguliwe apate jua. Alipoziona nyuzi zile zile alizoziona kwa Mashavu, furaha mbaya ilimjia, na hakuifukuza.

Mkuu wa Itifaki, Bwana Zingizi, mrefu, mwenye glavu nyeupe, alitaka kujua jina la hali hiyo kwa lugha tulivu.

"Ni mapunye," Sikudhani alijibu. "Yametoka kwa watoto wa Kisogoni, wakayapata kwenye mashine ya Serikali. Dawa yake vidonge, wiki sita."

Madaktari kumi na mmoja walitazama zulia. Mtukufu hakukasirika, alikuwa anawashwa mno kukasirika. Aliamuru vidonge viletwe, na ndege ikaruka mchana huo huo kuvifuata ng'ambo, ikarudi kesho yake. Msiniulize kama ndege hiyo ilikuwapo siku zote. Ilikuwapo.

Vidonge vilipowekwa mezani, Bwana Zingizi alisoma Sheria ya Kuonja. Hakuna kitu kilichoingia kinywani mwa Mtukufu kabla hakijaonjwa na raia, na kwa upande wa dawa, raia huyo lazima awe na hali ile ile, na aimalize dozi yote. Tatizo, akasema, ni kwamba mji mkuu mzima hakuna mwenye hali hiyo, kwa kuwa haipo.

Sikudhani akasema waonjaji anao.

"Mmoja anatosha," alisema Bwana Zingizi.

"Anatosha, kama utatia saini hapo kwamba kichwa cha mtoto mmoja kinaweza kumjibia Baba wa Taifa zima. Mimi nisingethubutu. Ningewaonjesha wote, mia nne na kumi na wawili. Na ile mashine ya kunyolea ichemshwe, la sivyo kuonja kwenyewe kutaharibika."

Bwana Zingizi aliifunika kalamu yake. Katika nchi ile hakuna aliyependa kutia saini peke yake. Siku ya pili ndege ya Mtukufu ilitua kwenye uwanja wa mpira wa Kisogoni, na kidonge cha kwanza alimeza Mashavu, mbele ya mashahidi wawili.

*

Wiki sita watoto wa Kisogoni waliitwa Waonjaji wa Taifa. Walimeza vidonge baada ya chakula, na chakula nacho kililetwa, maana sheria ilisema dawa isionjwe kwa hamu ya chakula. Mashine ilichemshwa kila Jumatatu kwa kibali maalumu. Viduara vilianza kukauka wiki ya tatu, na wiki ya sita watoto mia nne na kumi na mmoja walikuwa wameota nywele kichwa kizima, wakaanza kugombana na kuchelewa shule kama watoto wa watu.

Mashavu naye alipona. Uvimbe ulikwisha, usaha ukakauka, na mama yake alipomkwangua mara ya mwisho hakuona uzi hata mmoja. Lakini kisogoni palikuwa na sehemu ya kiganja kizima, laini, inang'aa, haina tundu hata moja la nywele. Sikudhani aliipapasa kwa kidole tena na tena, akitafuta kile ambacho macho yake yalikuwa yameshamwambia hakipo.

Siku hiyo Bwana Zingizi alikuja kuchukua matokeo, ili Mtukufu aanze dozi. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa na glavu zake, fomu mkononi. Mashavu alikuwa amekaa upande wa pili. Akamwuliza mama yake kama na zake zitaota.

Bwana Zingizi hakuwa mtu mbaya. Alimwinamia Sikudhani akamnong'oneza kwamba Waraka una maneno mazuri kwa jambo kama hilo: mwambie nywele zimepumzika.

Sikudhani alipiga magoti mbele ya mwanawe.

"Hapo hazitaota, mwanangu. Dawa ilichelewa."

Mashavu alijipapasa kisogo. Akauliza kama ni yeye aliyekosea. Mama yake akamwambia hapana, akalia, na mtoto akamfuta machozi kwa pindo la gauni la shule. Kisha Sikudhani alinyanyuka, akaichukua fomu, akaandika kwenye kisanduku: "Dawa ni salama. Watoto 411 wazima. Mmoja ana kovu. Dawa ilichelewa."

Bwana Zingizi aliisoma akakunja uso. Kila kitu kilikuwa sawa, alisema, isipokuwa neno la mwisho. Serikali haichelewi, hufika kwa wakati wake. Karatasi yenye neno hilo haiwezi kupita mlango wa Ikulu, na bila karatasi Mtukufu hawezi kumeza. Alimwomba alifute. Neno moja tu, na mtu mmoja yuko kule anateseka. Sikudhani alimwambia anajua mateso hayo yalivyo, alikaa nayo ndani ya nyumba, na neno halifutiki.

Bwana Zingizi amekuja tena mara nyingi. Alikuja na Waziri Kirumbe, ambaye alileta balbu nyingine. Alikuja na barua ya kumpandisha Sikudhani cheo hadi mji mkuu, na safari moja alikuja na wigi la Mashavu ndani ya sanduku lenye utepe, Mashavu akalijaribu, akashukuru, akalirudisha. Vidonge vya Mtukufu viko Ikulu kwenye kabati la kioo, na askari wawili wanavilinda. Mtukufu amevaa kilemba siku hizi, na anafikiria maendeleo kutwa kucha.

Kila Ijumaa gari likifika, Sikudhani humpa mgeni kiti na maji ya kunywa, humwonyesha fomu pale mezani, humwambia wakiipokea kama ilivyo dawa inamezwa jioni ile ile. Bwana Zingizi huisoma upya, huomba apewe muda zaidi wa kushauriana. Naye humjibu kwamba muda upo, ni ule ule aliopewa Mashavu.